Kutambua na kuthibitisha simu: sajili ya IMEI, laini, chipu ya usalama au blokicheni?

Taasisi inayotaka kujua kama simu inayoingia kwenye mfumo wake leo ndiyo ile ile iliyosajiliwa wiki iliyopita ina njia nne kuu za kuchagua: namba ya IMEI pamoja na sajili inayoitunza, kadi ya laini, ufunguo wa siri uliofungiwa ndani ya chipu ya simu yenyewe, na leja ya mnyororo wa vitalu, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa na wengi kwa pamoja, ambayo wengi sasa wanaiita blokicheni. Wauzaji wa mifumo hupenda kuzipanga njia hizi kama madaraja, IMEI ikiwa chini na blokicheni ikiwa juu kabisa, na mpangilio huo si sahihi. Njia tatu za kwanza hujaribu kujibu swali la simu gani iko upande wa pili. Ya nne hujibu swali jingine kabisa, yaani nani anatunza kumbukumbu za simu zilizosajiliwa na nani anaweza kuzibadilisha bila wenzake kujua. Anayezilinganisha bila kutenganisha maswali hayo mawili anaweza kununua leja ya gharama kubwa na bado asijue simu iliyo mbele yake ni ipi.

Sajili ya IMEI

IMEI ni namba ya tarakimu 15 ambayo kila mwenye simu anaweza kuiona kwa kubonyeza *#06#. Tarakimu 8 za mwanzo hutambulisha toleo la simu na hugawiwa chini ya usimamizi wa GSMA, umoja wa kimataifa wa kampuni za simu, 6 zinazofuata ni za simu moja moja, na ile ya mwisho ni ya ukaguzi. Tuchukue 490154203237518, namba inayotumiwa sana katika mifano. Ukizidisha kwa mbili kila tarakimu ya pili katika zile 14 za mwanzo, kisha ukajumlisha tarakimu za majibu pamoja na zile ambazo hazikuzidishwa, unapata 52. Kinachopungua kufikia 60 ni 8, nayo ndiyo tarakimu ya 15. Ukaguzi huu hukamata kosa la kunakili namba. Udanganyifu haukamati, kwa sababu hesabu yenyewe inajulikana na kila mtu anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi.

Nguvu ya IMEI inatokana na sajili. Kenya ilizima simu feki mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo tarehe 16 Juni 2016, baada ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kuwapa wananchi miezi kadhaa ya kuhakiki simu zao kwa kutuma IMEI kwenda namba 15090. Hatua ya namna hiyo inawezekana kwa sababu kampuni ya simu inayo daftari la vifaa ndani ya mtandao wake na inaweza kuikatalia simu isiyotakiwa. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayoweza kuizima simu nchi nzima kwa amri moja, na ndiyo maana sajili hizi pia huzua wasiwasi: mfumo wa usimamizi wa vifaa uliopendekezwa nchini Kenya ulizuiwa na Mahakama Kuu mwaka 2018 kwa hoja ya faragha, hadi Mahakama ya Rufani ilipotengua uamuzi huo mwaka 2020.

Udhaifu wake ni kwamba mtandao unapouliza IMEI, simu hutaja tu namba yake, wala haitoi ushahidi wowote wa kihesabu kwamba namba hiyo ni yake kweli. Ni sawa na namba ya chesisi iliyogongwa kwenye gari: inasaidia sana mpaka pale gereji fulani itakapoigonga upya. Sheria za Tanzania na Kenya zinakataza kubadilisha namba hiyo, lakini fundi mwenye kifaa cha kuflashi anaweza kuibadilisha, na simu feki zimekuwa zikikutwa nyingi zikitumia IMEI moja. Aidha, taasisi isiyo kampuni ya simu itakuta mlango umefungwa, kwani tangu Android 10 ya mwaka 2019 programu za kawaida haziruhusiwi kusoma IMEI, na kwenye iPhone ruhusa hiyo haipo kabisa. Programu ya benki iliyobuniwa kwa kutegemea IMEI, basi, itamtegemea mteja aiandike mwenyewe, na hapo hakuna tena kinachothibitishwa.

Kadi ya laini

Laini ina kitu ambacho IMEI haina, yaani siri. Ndani ya kadi kuna ufunguo wa biti 128 ambao nakala yake nyingine iko katika kituo cha uthibitishaji cha kampuni ya simu. Mtandao hutuma namba ya bahati nasibu, kadi huichakata kwa ufunguo huo na kurudisha jibu, bila ufunguo wenyewe kupita hewani. Katika 2G ni mtandao pekee unaoihakiki kadi. Kuanzia 3G kadi nayo huuhakiki mtandao. Kwa mteja mwenye kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, anayetumia menyu ya nyota na reli, hii ndiyo njia pekee yenye uthibitishaji wa kweli, na mpango wowote unaokusudia kuwafikia watu wa kipato cha chini Afrika Mashariki hauwezi kuiacha.

Hata hivyo, laini humthibitisha mteja wa mtandao wala haikithibitishi kifaa. Ukiihamishia kwenye simu nyingine, inaendelea kujibu vilevile. Pia inaweza kutekwa bila kuvunja hesabu yoyote, pale tapeli anapomshawishi mhudumu amrudishie laini "iliyopotea" ambayo kumbe ni ya mtu mwingine. Usajili kwa alama za vidole, ambao Tanzania iliusimamia kwa kuanza kuzima laini zisizosajiliwa Januari 2020, unabana mwanya huo, ila bado hausemi lolote kuhusu simu iliyobeba laini.

Ufunguo ndani ya chipu

Hapa ndipo uthibitishaji wa kifaa hasa unapoanza. Apple iliingiza sehemu maalumu ya usalama katika chipu ya iPhone 5s mwaka 2013, na Android 9 ya mwaka 2018 ikaweka utaratibu wa kutumia chipu ya usalama iliyojitenga, mbali na eneo salama la kichakato ambalo simu nyingi za Android zilikuwa nalo tayari. Simu hutengeneza funguo mbili, wa siri na wa umma. Wa siri haukusudiwi kutoka ndani ya chipu kamwe, hata mwenye simu hawezi kuuona. Wa umma hupelekwa kwenye seva ya taasisi na kuhifadhiwa pamoja na jina la akaunti.

Siku ya kuingia, kazi huenda hivi. Seva hutuma namba ya bahati nasibu ambayo haitatumika tena. Mwenye simu huweka kidole au namba ya siri, chipu hutia saini namba ile, na saini hiyo, ambayo haizidi baiti 64 kabla ya kufungashwa, hurudi kwenye seva. Seva hutafuta ufunguo wa umma wa simu hiyo katika kumbukumbu zake, kisha huhakiki saini. Zoezi zima huisha kabla mtumiaji hajaona kilichotokea, na anayesikiliza njiani hapati cha kumfaa kesho, kwa kuwa kesho namba itakuwa nyingine.

Kuna jambo moja ambalo taasisi nyingi hulipita. Saini peke yake inathibitisha kwamba ufunguo upo. Haithibitishi kwamba umekaa ndani ya chipu. Kwa ajili hiyo Android na iOS, mfumo wa iPhone, hutoa cheti cha ushahidi. Kile cha Android hueleza kama ufunguo uko kwenye programu tu, kwenye eneo salama la kichakato au kwenye chipu iliyojitenga, na hueleza pia kama mfumo wa simu umechezewa. Cheti hicho husainiwa na mlolongo wa vyeti unaoishia kwa Google au Apple. Seva isiyokagua mlolongo huo inaweza kudanganywa na simu ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta. Na kwa kuwa funguo za kutolea ushahidi zimewahi kuvuja, Google huchapisha orodha ya vyeti vilivyobatilishwa. Seva iipitie orodha hiyo mara kwa mara.

Funguo za kuingilia bila nywila, ambazo Apple, Google na Microsoft zilitangaza mwaka 2022 kuziunga mkono kwa pamoja, zimejengwa juu ya msingi huu huu, lakini mara nyingi husawazishwa kupitia akaunti ya mtumiaji na kuonekana kwenye simu zake zote. Ni rahisi mno kwa mteja, na kwa sababu hiyo hiyo si ushahidi wa kifaa kimoja. Taasisi inayotaka kufunga akaunti na simu moja itengeneze ufunguo usiohama.

Hasara za njia hii ziko wazi. Simu ikifutwa na kurudishwa kama ilivyotoka kiwandani, ufunguo hupotea na usajili huanza upya, wakati IMEI ingebaki ile ile. Simu za bei ya chini kabisa hazina chipu iliyojitenga. Na yote haya yanamfanya mtumiaji atumainie kampuni mbili za Marekani, jambo ambalo wengine hawalipendi, na wana haki.

Blokicheni

Turudi kwenye hatua za kuingia zilizoelezwa hapo juu na tujiulize blokicheni inaingia wapi. Kutuma namba ya bahati nasibu hakuihitaji. Kutia saini ni kazi ya simu. Kuhakiki saini ni hesabu ambayo seva yoyote huifanya. Inayobaki ni hatua moja tu, ile ya kutafuta ufunguo wa umma: badala ya kuusoma kwenye kanzidata yake yenyewe, seva huusoma kwenye leja inayotunzwa na wengi kwa pamoja. Faida ya badiliko hilo ni kwamba hakuna mshiriki mmoja anayeweza kubadilisha ufunguo wa simu kimyakimya, na historia ya kila badiliko hubaki ikionekana. Ni faida ya kweli, ila ni finyu kuliko matangazo yanavyodai. Leja haiwezi kujua kama aliyeandika IMEI fulani alikuwa na simu hiyo mkononi. Ikiandikwa namba ya uongo siku ya kwanza, itautunza uongo huo kwa uaminifu mkubwa.

Leja za wazi na leja za wanachama ni vitu viwili tofauti sana, na sioni sababu ya kuziweka katika safu moja ya jedwali.

Kwenye leja ya wazi kama Bitcoin au Ethereum, mtu yeyote anaweza kusoma na, akilipa ada, kuandika. Ada hulipwa kwa sarafu ambayo bei yake hupanda na kushuka, hivyo mhasibu hawezi kusema mwezi Januari kwamba kusajili simu 10,000 mwezi Juni kutagharimu kiasi gani. Kasi nayo ni suala. Tuseme simu imeporwa Kariakoo saa mbili usiku na mwenyewe ametoa taarifa papo hapo. Katika kanzidata ya kawaida, ufunguo unafutwa na ombi linalofuata linakataliwa. Katika Ethereum, kitalu kipya hutoka kila sekunde 12, lakini badiliko huhesabiwa kuwa halirudi nyuma baada ya dakika 13 hivi. Katika Bitcoin, ambako kitalu huchukua wastani wa dakika 10 na mazoea ni kusubiri vitalu sita, inaweza kufika saa nzima. Mwizi wa pesa za simu hahitaji muda wote huo.

Kuna pia kikwazo cha kiufundi ambacho vipeperushi havikitaji. Chipu za simu hutia saini kwa mkunjo wa kihesabu unaoitwa P-256, ilhali Bitcoin na Ethereum zilijengwa juu ya mkunjo mwingine, secp256k1. Ufunguo uliomo ndani ya chipu ya iPhone, kwa mfano, hauwezi kutia saini muamala wa kawaida wa Ethereum. Kwa miaka mingi waliotaka kuviunganisha walilazimika ama kuhakiki saini ya P-256 ndani ya mkataba wa kidijitali, yaani programu inayoendeshwa kwenye leja yenyewe, kwa ada kubwa, au kuuweka ufunguo wa blokicheni kwenye programu ya kawaida, na hivyo kuipoteza faida ya chipu. Ethereum iliongeza njia nafuu ya kuhakiki saini za P-256 katika maboresho ya Desemba 2025. Msomaji anayeonyeshwa mfumo uliobuniwa kabla ya hapo aulize ufunguo wa siri unakaa wapi hasa. (Simu zilizouzwa kwa jina la blokicheni, kama HTC Exodus 1 ya mwaka 2018 na Solana Saga ya mwaka 2023, zilinadiwa zaidi kwa kutunza funguo za sarafu za mwenyewe, zisichanganywe na mada hii.)

Faragha ndiyo inayonitia shaka zaidi. Mara kwa mara huelezwa kwamba IMEI haiwekwi kwenye leja yenyewe bali heshi yake tu, yaani muhtasari wa kihesabu usioweza kurudishwa nyuma. Kwa maneno marefu na ya nasibu hiyo ni kweli. Kwa IMEI si kweli. Tarakimu 8 za toleo la simu zinajulikana, ile ya 15 inakokotolewa, kwa hiyo kwa kila toleo zimebaki namba 1,000,000 tu za kubahatisha, na kompyuta ya mezani huzipitisha zote katika heshi ya SHA-256 ndani ya sekunde moja au mbili. Atakayepata leja hiyo atapata IMEI zote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya mwaka 2019 humpa mtu haki ya kutaka taarifa zake zirekebishwe au zifutwe katika mazingira fulani, na leja isiyofutika haina namna ya kutii agizo hilo. Kinachopaswa kuandikwa ni heshi iliyochanganywa na siri ndefu iliyo nje ya leja. Siri ikiharibiwa, kilichoandikwa hubaki bila maana.

Ipo njia ya kati ambayo naiona kuwa bora kuliko nyingi zinazouzwa. Taasisi hubaki na kanzidata yake ya funguo za simu, na mara moja kwa siku hukokotoa mti wa Merkle wa rekodi zote, yaani heshi za rekodi zinazounganishwa mbili mbili mpaka ibaki moja, na kuandika kwenye leja ya wazi kilele chake tu, chenye baiti 32. Simu ziwe 1,000 au 1,000,000, ada ni ya muamala mmoja. Mkaguzi anayetaka kuhakikisha kwamba rekodi ya simu fulani haikubadilishwa tangu siku hiyo hupewa rekodi yenyewe pamoja na heshi za njiani, 20 kwa simu 1,000,000, kwa kuwa 2 ikizidishwa yenyewe mara 20 hupita milioni moja. Jumla ya heshi hizo ni baiti 640. Hakuna taarifa ya mteja inayotoka nje, na simu iliyoibwa inafungiwa papo hapo kwenye kanzidata. Linalokosekana ni moja: taasisi inaweza bado kuandika uongo leo, ila haiwezi kesho kudai kwamba iliandika kitu kingine.

Leja ya wanachama, ambayo Hyperledger Fabric ni mfano wake maarufu, huondoa ada za sarafu na kuthibitisha badiliko ndani ya sekunde chache. Washiriki wanajulikana, na kanuni inaweza kudai, kwa mfano, kwamba rekodi ya simu haibadilishwi mpaka wanachama wawili kati ya watatu waidhinishe. Lakini wanachama hao hutambulishwa kwa vyeti vinavyotolewa na mamlaka ya vyeti, kwa hiyo aliyekuja huku akikimbia mamlaka ya vyeti atakutana nayo tena mlangoni. Gharama yake halisi huwa mikutano: nani anakubaliwa, nani anafukuzwa, nani analipia seva, na mwanachama mmoja akifilisika inakuwaje. Kanuni zisipoandikwa mapema, kampuni iliyojenga mfumo ndiyo hubaki ikiendesha seva zote, na hapo leja ya pamoja ni ya pamoja kwa jina tu.

Nani achague nini

SACCOS, benki au hospitali yenye programu yake na wateja wake yenyewe ichague ufunguo wa ndani ya chipu, ikague cheti cha ushahidi, na iache laini iwe njia ya akiba na ya kuwahudumia wenye vitochi. Mwandishi wa kumbukumbu ni mmoja na kila mteja amekwisha kumwamini, kwa hiyo blokicheni haina kazi hapo. Ikiwa wakaguzi au mdhibiti wanataka ushahidi kwamba kumbukumbu hazichezewi, kilele cha Merkle cha kila siku kinatosha.

Kampuni inayouza simu kwa mkopo ina shida tofauti, kwa sababu mdaiwa anaweza kuifuta simu na ufunguo nao ukaondoka. Hiyo inahitaji usajili wa kifaa unaofanywa na mtengenezaji au msambazaji, ambao hujirudisha hata baada ya simu kufutwa, ukioanishwa na IMEI. Iwapo wakopeshaji watano wanataka kujua kama simu moja imewekwa dhamana mara mbili, na hakuna kati yao anayekubali mwenzake atunze orodha ya wateja wa wote, leja ya wanachama inaanza kuwa na maana.

Vivyo hivyo kwa orodha ya simu zilizoibwa inayovuka mipaka, maana simu iliyoporwa Mwanza inaweza kuuzwa Kampala, ambako mtandao hauna habari nayo. Kabla ya kujenga lolote, kampuni za simu zijiulize kwa nini sajili ya GSMA, ambayo tayari hubadilishana orodha za simu zilizofungiwa kati ya mitandao ya nchi mbalimbali, haiwatoshi. Jibu likiwa kwamba hazijawahi kujiunga, kujiunga ni nafuu zaidi. Jibu likiwa kwamba bima, wakopeshaji na polisi wa nchi kadhaa wanapaswa kuandika pia, na hakuna nchi itakayokubali seva ikae kwa jirani, basi leja ya wanachama ndiyo ninayoipendekeza, IMEI zikiwa zimefichwa kwa siri kama ilivyoelezwa.

Muuzaji wa mfumo wowote kati ya hii aletewe simu tatu mezani kabla ya mkataba: moja iliyofutwa na kurudishwa kama ilivyotoka kiwandani, moja iliyobadilishiwa laini, na moja ya bei ya chini isiyo na chipu iliyojitenga. Aonyeshe mfumo unasema nini kuhusu kila moja, kisha aifungie mojawapo mbele ya wote na saa ipimwe mpaka seva ya mwisho itakapoikataa.